Chura wa plastiki juu ya magugu: neno kwa Wanairobi waendao kuvua Naivasha

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa katikati ya jiji na vitongoji vya magharibi



Jumamosi kabla jua halijachomoza, anayepita steji ya Nyamakima huona abiria wa namna mbili wakingojea matatu za Naivasha. Wa kwanza wana magunia na maboksi ya biashara. Wa pili ana mfuko mmoja mrefu na mwembamba, utadhani amebeba fimbo ya pazia, na kofia pana mkononi. Huyo si mvuvi wa kuuza samaki. Ni karani wa ofisi, au fundi wa simu wa Luthuli Avenue, au mwalimu aliyemaliza kusahihisha mitihani, naye anakwenda ziwani kujiburudisha. Wengine hupandia njiani, Waiyaki Way, pale Kangemi au Uthiru. Mwendo ni kama kilomita 90, na jioni mtu amerudi nyumbani kwake.

Mazungumzo haya ni ya hao wa mfuko mrefu, na ya yeyote anayefikiria kujiunga nao. Yanahusu samaki mmoja, chambo cha namna moja, na saa za kuvitumia. Kaunti ya Nairobi haina mamlaka juu ya Ziwa Naivasha. Ziwa hilo liko Kaunti ya Nakuru. Lakini anayeondoka asubuhi ni mkazi wa hapa, na anatarajiwa nyumbani hapa.

Samaki mwenyewe ni besi, ambalo ni jina lake la Kiingereza, bass, kwa matamshi yetu. Wanasayansi humwita Micropterus salmoides. Kwao hasa ni Amerika Kaskazini. Ana mgongo wa kijani kibichi uliokolea, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mpana ambao taya lake la juu hupita nyuma ya jicho. Aliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, miaka michache baada ya ngege kutoka Mto Athi kutiwa humo mwaka 1925, ili walowezi wapate samaki wa kushindana naye kwa ufito. Wapo wanaosimulia kwamba aliyemleta ni Rais Theodore Roosevelt wa Marekani. Hadithi hiyo ni tamu, ila hesabu yake haikubali. Roosevelt alifika Naivasha mwaka 1909 na akafariki mwaka 1919, kabla ya besi kuja. Alichofanya Roosevelt pale Naivasha ni kuwinda viboko, na tutawarudia viboko hao.

Besi si samaki wa kukimbizana. Ngege huzunguka akichuma chakula chake. Besi hukaa mahali pamoja na kungoja. Anataka kivuli, anataka kitu cha kujificha nyuma yake, kisha kipite kitu kidogo chenye uhai mbele ya macho yake. Akikiona, huruka mara moja, hufungua lile domo, na maji huingia pamoja na windo. Tendo zima huchukua muda mfupi kuliko kupepesa macho. Huwinda zaidi kwa kuona, na kwa kusikia mtikisiko wa maji kwa ubavu wake. Chakula chake Naivasha ni samaki wadogo, vyura, wadudu, na hasa wale kamba wekundu wa maji baridi kutoka Louisiana ambao nao waliletwa ziwani mwaka 1970.

Sasa kivuli hicho anakipata wapi? Kwenye magugu. Ukingo wa Naivasha una mafunjo, yale matete marefu yenye vichwa kama nywele zilizotimka. Mbele ya mafunjo huelea magugumaji yenye maua ya zambarau, yaliyoonekana ziwani humo mara ya kwanza mwaka 1988, na kabla yake lilikuwapo gugu la salvinia, lenye majani madogo yaliyokunjamana. Upepo ukivuma, vipande vya mafunjo hung'oka vikawa visiwa vinavyotembea. Mahali palipokuwa wazi jana, leo pamezibwa. Mgeni hudhani magugu hayo ni uchafu tu. Kwa besi ni paa la nyumba. Juani maji yanameremeta na ndege aina ya furukombe anamwona kila samaki. Chini ya magugu kuna giza na ubaridi kidogo, na besi akitazama nje anaona kila kinachopita kwenye mwanga ilhali chenyewe hakimwoni.

Hapo ndipo mvuvi wa kawaida hukwama. Akitupa ndoana yenye nyungunyungu na chubwi, ndoana hunasa shina la gugu kabla haijafika kwa samaki. Akivuta, anavua saladi. Akivuta kwa nguvu, mshipi hukatika, na kipande chenye ndoana hubaki ziwani kikimngoja ndege wa maji atakayejinasa mguu. Wengi huchoka na magugu wakahamia maji ya wazi, ambako besi ni wachache, au wakafanya jambo baya zaidi: wakavua viatu, wakakunja suruali, wakaingia majini kwa miguu ili wayasogelee magugu na kuangusha ndoana kwenye upenyo. Wavuvi wa miguu wa Naivasha wanajulikana, na wanajulikana pia kwa idadi ya wenzao waliouawa au kujeruhiwa na viboko wakiwa katika maji ya kiunoni.

Chambo kinachotatua jambo hili ni chura wa plastiki. Madukani huuzwa akiwa na umbo la chura kweli, tumbo lake ni tupu na laini kama mpira wa mtoto, na nyuma ana vipande vya uzi wa mpira vinavyochezacheza mfano wa miguu. Ndoana zake ni mbili, zimeelekea juu na zimelala zikibana mgongo wa chura. Kwa hiyo akitambaa juu ya magugu hashiki chochote. Hupita kama chura halisi anavyopita. Besi akimuuma, mwili ule laini hubonyea, ndoana zikajitokeza. Ni kitu rahisi sana, na yeyote aliyekibuni alikuwa amekwisha kuchoka kukata mshipi.

Vipo vyambo vingine vya juu ya maji. Kuna kile chenye mdomo uliobonyea kama kijiko, ambacho kikivutwa hutema maji na kutoa sauti ya kububujika. Kuna chenye parafujo dogo la bati linalozunguka na kuvuruga maji. Hivi ni vizuri pembeni mwa magugu, penye maji wazi, lakini ndoana zake ziko nje, vyenye pembe tatu tatu, na vikiingia katika salvinia vinatoka na kilo nzima. Ndani ya magugu mazito, chura ndiye mfalme.

Vifaa vinavyomfaa si vile vya kuvulia ngege. Ufito uwe mgumu na mrefu kiasi, kama futi saba. Mshipi uwe wa kusokotwa, usiovutika, wenye nguvu ya ratili 50 au zaidi. Watu wakisikia ratili 50 hucheka, kwa sababu besi mwenyewe ni wa kilo moja au mbili. Nguvu hiyo si ya samaki. Ni ya magugu. Besi akishikwa hufanya jambo moja tu: hujitumbukiza chini na kujizungusha kwenye mashina. Mvuvi hatoi samaki peke yake, anatoa samaki na rundo la majani aliyojifunga nayo. Mshipi wa nailoni wa kawaida huvutika kama mpira, na hapo katikati ya kuvutika samaki amekwisha kwenda zake. Uzuri mwingine wa mshipi wa kusokotwa ni kwamba huelea, hauzami katikati ya majani.

Namna ya kutupa ina adabu yake. Mashua isimame kwenye maji ya wazi, mbali na magugu, mita 20 au 25. Chura atupwe aangukie ndani ya magugu, kupita pale panapodhaniwa pana samaki, si juu ya kichwa cha samaki. Kisha atulie. Mawimbi madogo aliyoyaleta yaishe. Halafu mvuvi atikise ncha ya ufito taratibu, akiukaza mshipi kidogo na kuulegeza, chura aruke hatua mbili na kutulia tena. Akifika kwenye tundu, yaani pale ambapo magugu yameachana na maji yanaonekana kama sahani, asimamishwe hapo. Anayeanza huwa na haraka mahali hapa. Humvusha tundu mbio kama anayevuka Tom Mboya Street. Besi yuko chini ya tundu hilo, anatazama juu, na kinachomfanya aruke ni kile kitu kilichosimama kikatetemeka mara moja.

Kuhusu rangi pasiwe na mabishano marefu. Samaki anatazama kutoka chini kwenda juu na nyuma ya chura kuna anga. Chura mweusi huonekana vizuri, na mwenye tumbo jeupe huonekana vizuri. Zile rangi 12 dukani zimepakwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi.

Kisha huja kishindo. Magugu hupasuka, maji huruka, na kila mtu ndani ya mashua hushtuka, pamoja na aliyekuwa akikingoja. Hapa ndipo samaki wengi hupotea, na sababu ni mkono mwepesi. Mtu akiona mlipuko huvuta papo hapo, chura humrukia usoni, na besi hubaki na mdomo mtupu. Mara nyingi besi hupiga magugu kwa kubahatisha na hukosa. Au amekamata mguu wa chura tu, hajageuka bado. Mvuvi anatakiwa angoje mpaka ausikie uzito mkononi, si mpaka aone maji yakiruka. Wengine huhesabu moja, mbili. Wengine hufumba macho, na si mzaha, kwa kuwa macho ndiyo yanayoharakisha mkono. Akiusikia uzito, avute kwa nguvu mara moja, aelekeze kichwa cha samaki juu, na azungushe rili bila kusita mpaka samaki ateleze juu ya magugu. Akimpa nafasi ya kuinama, amempoteza. Na kama besi amekosa kabisa, chura aachwe palepale, au arudishwe kwenye tundu lilelile. Besi aliyekosa mara moja hana subira.

Hayo ndiyo ya furaha. Sasa saa.

Kila anayefundisha uvuvi wa juu ya maji husema alfajiri na magharibi. Ni kweli kwa maji ya wazi: mwanga ukiwa hafifu besi hutoka mafichoni na kuwinda karibu na uso wa maji. Ushauri huo unaandikwa na watu wa Marekani, ambako jambo la kuhofia zaidi ziwani ni mbu, na kusini kidogo mamba wa kwao. Naivasha ina viboko. Kiboko hushinda majini mchana, na jioni hutoka kwenda kula nyasi nchi kavu, usiku kucha, akarudi majini alfajiri. Yaani saa mbili zile zinazosifiwa ndizo saa ambazo kiboko anavuka ukingo, na anavuka kupitia magugu yaleyale na mafunjo yaleyale. Mnyama wa tani moja na nusu anayekuta mtu amesimama kati yake na maji haulizi mtu huyo amekuja kutafuta nini. Mwezi Agosti mwaka 2018 mtalii mmoja kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha akipiga picha. Hakuwa mvuvi, hakuwa majini. Alikuwa karibu mno, basi.

Hapa ndipo chura wa plastiki anastahili sifa kuliko zile za kukamata samaki. Kwa kuwa anatambaa ndani ya magugu mazito, humhitaji samaki aliyetoka kuwinda, humfuata aliyejificha. Na besi hujificha zaidi jua likiwa kali. Saa tatu, saa nne, saa tano za asubuhi, wakati mvuvi wa maji ya wazi anakunja vifaa, chini ya paa la magugu samaki amerudi nyumbani na yuko macho. Viboko nao wakati huo wamekwisha kurudi na kukaa makundi makundi katika sehemu zao, ambazo waendesha mashua wa pale wanazijua kama makondakta wanavyozijua steji. Anayeondoka Nyamakima kumepambazuka anafika kwa wakati ufaao. Hana haja ya kulala kando ya ziwa ili adamke saa kumi na moja, wala ya kumsihi mwenye mashua watoke gizani.

Upande wa pili pia kuna mpaka. Mchana upepo wa Naivasha huamka. Ziwa lililokuwa kioo saa nne laweza kuwa na mawimbi ya kuingia mashuani kufikia saa nane. Na upepo huohuo husukuma visiwa vya mafunjo, vikaziba njia ya kurudi gatini. Mashua zimewahi kufungiwa ndani kwa saa nyingi. Kwa hiyo dirisha la Mnairobi ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi kama saa saba mchana. Saa nne hizo zinatosha. Anayetaka kuongeza saa moja ili apate samaki mmoja zaidi na ampigie mkewe simu kwanza.

Umbali nao usisahaulike. Mita 20 zile za kutupia chura si ufundi tu. Kiboko anaweza kupumzika chini ya magugu kama samaki, akainua pua tu baada ya dakika kadhaa. Mashua iliyokwaruza ukingo wa magugu imekwaruza mlango wake. Magugu yanayosogea kinyume cha upepo, mapovu yanayopanda kwa mstari, sauti ya kupumua kama gurudumu linalotolewa hewa: mwendesha mashua akiona au kusikia hayo atageuza bila kuomba ruhusa, na abiria asibishane kwa sababu amelipa. Chura akinasa kweli ndani ya magugu, na hutokea, mshipi ukatwe. Asiifuate mashua kule ndani, wala asishuke. Chura mmoja ananunulika tena.

Kuhusu sheria, ni mambo machache. Uvuvi wa burudani nao ni uvuvi, na unahitaji leseni. Ulizeni ofisi ya uvuvi Naivasha au Shirika la Huduma za Uvuvi Kenya kabla ya kutoka, kwa sababu ada na masharti hubadilika. Ziwa limewahi kufungwa kabisa kwa uvuvi, mwaka 2001, baada ya samaki kuvuliwa kupita kiasi, na vipindi vya kupumzisha ziwa si jambo geni. Tumieni fuo za umma kama Kamere na Karagita, ambako vikundi vya usimamizi wa fuo vinajua ni mashua ipi ya nani. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, alifunge, si alikalie.

Besi analiwa, na nyama yake nyeupe ina miiba michache. Lakini dume la besi hulinda kiota na vifaranga wake kwenye maji ya kina kifupi, na wakati huo huuma chochote kinachopita hata kama hana njaa. Ukimvua dume huyo kando ya magugu, na ukaona wingu la vifaranga chini yake, mrudishe. Ndani ya muda mfupi sana wengine watakuwa wamewala watoto wake. Mikono ilowe kwanza kabla ya kumshika, asianguke sakafuni mwa mashua, na arudishwe palepale alipotoka. Wale wa kuliwa wauawe papo hapo na wawekwe kwenye barafu.

Neno hilo la kuuawa lina sababu, na ndilo linalogusa Nairobi yenyewe.

Kila mara huzuka mtu mwenye wazo. Ana bwawa dogo shambani, Karen au Kikuyu au kule kwao Murang'a, na anajiuliza: kwa nini asibebe besi watano katika ndoo yenye maji, awatie bwawani, wazaane, asiende tena Naivasha? Au ameona gugu lenye ua zuri la zambarau akalitaka kwa chemchemi ya bustani. Anaona ni jambo dogo. Ndivyo walivyoona waliotangulia. Samaki pekee wa asili aliyekuwa akiishi Naivasha, mdogo kama kidole, aitwaye Aplocheilichthys antinorii, hajaonekana humo tangu miaka ya 1960, na besi ni mmoja wa wanaoshukiwa kummaliza. Kamba wa Louisiana waliingizwa wakiwa mradi wa biashara, wakala mimea ya chini ya maji ambamo samaki walizalia. Kapi, samaki mnene apekuaye matope, aliingia kwa bahati mbaya, na kuanzia 2001 akaonekana ziwani; kufikia mwaka 2010 sehemu kubwa mno ya samaki waliopimwa fuoni walikuwa kapi. Anapopekua tope maji huchafuka, na besi, ambaye huwinda kwa kuona, hana raha katika maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuna hata mmoja wa hao aliyerudishwa alikotoka. Hayo ni ziwani. Bwawa la shamba hufurika mvua ya Aprili, na maji yake huingia mto fulani. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inadhibiti kuhamisha samaki hai na kuwatia katika maji mengine bila idhini, na ni vyema ijulikane hivyo kabla ndoo haijajazwa.

Anayetaka kuona gugu linafanya nini likipewa nafasi, nauli yake ni ndogo kuliko ya Naivasha. Nairobi Dam, kati ya Lang'ata na Kibra, ilijengwa mwaka 1953 kwenye Mto Motoine kuwa akiba ya maji ya jiji. Ilikuwa na ukubwa wa ekari karibu 88, na watu walikuja hapo kuendesha mashua za tanga na kuvua siku za mapumziko. Leo anayesimama ukingoni huona kijani kitupu, na asiyejua atadhani ni uwanja. Maji taka na takataka zililisha magugumaji, magugumaji yakafunika maji.

Mtu aliyesikia sifa za magugu katika mazungumzo haya anaweza kuuliza: je, pale si ndipo penye kivuli kingi kuliko kote? Aende na chura wake? Hapana. Naivasha magugu yako kwa mabaka, na kati ya baka na baka mwanga na hewa huingia majini; besi hukaa ukingoni mwa kivuli, si katikati ya giza. Zulia likifunika bwawa zima, upepo haugusi maji, mimea ya chini haipati jua, majani yanayokufa huoza na kuoza huko hula hewa iliyomo majini. Chini yake samaki hapumui. Na samaki yeyote anayestahimili maji taka hayo si wa kupelekwa jikoni.

Gugumaji halihitaji mbegu kusafiri. Kipande cha shina lenye jani moja, kilichonasa kwenye kamba ya mashua au chini ya trela, kinatosha. Kwa hiyo wale wachache wanaovuta mashua zao wenyewe kutoka Nairobi wasimame gatini kabla ya kuingia barabarani. Watoe kila jani kwenye trela, kwenye nanga, kwenye viatu, ndani ya nyavu za kutolea samaki. Maji yote yaliyobaki ndani ya mashua yamwagwe palepale. Mashua ianikwe mpaka ikauke kabisa kabla ya kuingia maji mengine yoyote. Na yule wa matatu, ambaye hana trela wala mashua, afungue kisanduku chake cha vyambo amtazame chura. Zile nyuzi za miguu hushika majani ya salvinia madogo kama punje ya mchele. Ayatoe, ayaache ukingoni juani, halafu apande gari la Nairobi.